Siku hizi unasikiliza nini?

MPENZI msomaji, habari ya nyumbani?

Najua utakavyonijibu. Utasema "nzuri". Hata kama mwenye nyumba amekutilia kufuli mlangoni kwa kodi ya miezi miwili, hata kama mtoto amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, hata kama wewe na mwenzio hamjasemezana tangu Jumatano, bado utasema "nzuri", kisha utaongeza, "labda yako." Ndivyo tulivyolelewa. Mtu haaniki shida zake uani kama nguo za kufua.

Lakini nimegundua swali jingine ambalo ni vigumu kulijibu kwa uongo. Nalo ni hili: Siku hizi unasikiliza nini?

Sisemi unapenda muziki gani. Hilo ni swali la kawaida na kila mtu ana jibu lake aliloliweka tayari. Mimi nasema siku hizi. Wiki hii. Ni kanda gani iliyomo redioni mwako? Ni albamu gani ambayo simu yako imechoka kuirudia? Mtu akikujibu hilo kwa moyo mweupe, utajua mengi kuliko aliyokusudia kukwambia.

Nayajua haya kwa sababu mwaka juzi swali hili lilinifunulia jambo nyumbani kwetu ambalo "habari gani" na "nzuri" za miaka miwili zilikuwa zimelifunika.

KIKAO CHA UMOJA

Tuko watu sita, wakati mwingine wanane. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa tisa alasiri, tunakutana sebuleni kwa jirani yangu mmoja hapa mtaani Umoja, Nairobi. Ni mama wa makamo aliyestaafu kazi ya ukarani, na sisi sote twamwita Mama. Yeye hutoa chai ya tangawizi, sisi tunakuja na mandazi. Na kila mtu huja na albamu moja.

Kikao hiki kilizaliwa wakati wa korona. Mtakumbuka kwamba kafyu ilianza Machi 2020, ikawa kila mtu yuko ndani kabla giza halijaingia. Kuta za nyumba zetu ni nyembamba kama chapati. Mama alikuwa akisikia muziki wangu nami nasikia wake. Jioni moja akagonga ukuta. Nikadhani amekereka, nikapunguza sauti. Akagonga tena, kwa nguvu zaidi. Nilipotoa kichwa dirishani kuomba radhi, alikuwa ametoa chake.

"Binti," akaniambia, "mbona unapunguza na mimi nasikiliza?"

Kuanzia hapo tukawa tunaulizana kupitia dirishani: leo unasikiliza nini? Kafyu ilipoondolewa Oktoba 2021, swali likahamia sebuleni, na majirani wengine wakalifuata.

Sheria zetu ni chache. Unakuja na albamu unayoisikiliza sasa, si ile unayotaka watu wajue unaisikiliza. Tunacheza nyimbo tatu kwa mfululizo kama zilivyopangwa, bila kuruka. Muziki ukilia, hakuna kuongea. Ukimalizika, unasema kwa nini ni hiyo. Na hakuna ruhusa ya kumcheka mtu kwa anachopenda.

Hiyo sheria ya kwanza iliwekwa kwa ajili yangu, na wenzangu hawachoki kunikumbusha. Siku ya kwanza nilitaka waone kwamba nimesoma. Nikatangaza kwamba nasikiliza Kind of Blue ya Miles Davis, albamu ya jazi ya mwaka 1959 ambayo hutajwa na kila mtu anayetaka kuonekana mjuzi. Kati yetu kuna fundi wa redio, mtu mpole, haongei sana. Akaniuliza, "Wimbo wa pili unaitwaje?"

Nikatazama dari.

"Freddie Freeloader," akanisaidia. Kumbe aliwahi kutengeneza gramafoni ya mteja mmoja, na mteja akamwachia sahani hiyo aijaribie. Fundi aliisikiliza wiki nzima.

Ukweli ni kwamba wiki ile mimi nilikuwa nasikiliza kanda moja ya kwaya ya kanisani aliyonipa mamangu. Kazini kulikuwa na uvumi kwamba wafanyakazi watapunguzwa, na bila kwaya hiyo usingizi ulikuwa hauji. Lakini ningelisemaje hilo mbele ya watu? Nikaona afadhali Miles Davis.

KRISMASI MWEZI WA JULAI

Hebu nikupitishe katika kikao kimoja, cha Julai 2024, uone ninachokisema.

Nesi, anayefanya kazi usiku katika hospitali moja jijini, alikuja na En Mana Kuoyo ya Ayub Ogada. Albamu hii ilitoka mwaka 1993 kupitia kampuni ya Real World ya Uingereza, na kitovu chake ni sauti ya Ogada na nyatiti, kile chombo cha Wajaluo chenye nyuzi nane. Ndimo umo wimbo Kothbiro, yaani mvua inakuja, ambao ulimwengu mzima uliusikia baadaye katika filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005. Ogada alifariki Februari 2019, lakini ukiusikia wimbo huo utadhani mwenyewe amekaa kwenye kigoda mbele yako.

"Wodini usiku kucha ni mashine zinazolia," Nesi alieleza. "Asubuhi nikipanda matatu nataka kitu kinachonong'ona."

Tukajua mwenzetu amechoka. Siku nyingine zote tukimwuliza hali hutuambia ni njema.

Fundi alileta Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala, ya mwaka 1989. Ongala alizaliwa upande wa Kindu, nchini Kongo, akahamia Dar es Salaam mwaka 1978, na huko akawa mwimbaji wa wanyonge hadi alipofariki Desemba 2010. Alikuwa na uwezo wa kukuchezesha huku anakupa mambo mazito ya kufikiria. Fundi alipoulizwa kwa nini ni hiyo, alikuna kichwa akasema watu siku hizi hawatengenezi redio. Ikiharibika wanaitupa, wananunua nyingine ya bei rahisi. Siku nne hakuwa amepata mteja hata mmoja. Wiki iliyofuata nilimpelekea pasi yangu iliyokufa tangu Pasaka, na Nesi akampelekea feni.

Mjukuu wa Mama, mwanafunzi wa chuo kikuu, alicheza Midnight Train ya Sauti Sol, iliyotoka mwaka 2020. Sheria ya kutoruka wimbo humtesa kijana huyu, hukaa kama aliyefungwa mikono. Tulitarajia aseme ni kwa sababu midundo yake inachangamsha. Wapi! Alisema yeye na marafiki zake wanne, walio pamoja tangu kidato cha kwanza, wanamaliza chuo mwaka huo na kila mmoja anaenda zake. Sauti Sol nao waliungana mwaka 2005, na mwaka 2023 wakatangaza kwamba kila mmoja anashika njia yake. "Nataka kujua watu huachana vipi bila kugombana," akasema. Nyanyake alimtazama kama aliyemwona kwa mara ya kwanza.

Kisha zamu ya Mama. Akaweka sahani yake juu ya gramafoni, akashusha sindano taratibu, na sebule nzima ikajaa nyimbo za Krismasi.

Ilikuwa Julai, msomaji. Nje kuna baridi ya kukata masikio, na ndani Jim Reeves anatuimbia Krismasi! Albamu ni Twelve Songs of Christmas ya mwaka 1963. Mwimbaji huyo wa Kimarekani alikufa katika ajali ya ndege mwaka uliofuata, lakini nyumba nyingi za Kenya Desemba haijafika mpaka yeye aimbe. Mjukuu akajiziba mdomo asicheke. Sheria ni sheria.

Nyimbo tatu zilipokwisha, Mama aliinua sindano akaifuta vumbi kwa kidole.

"Kitinda mimba wangu," akasema, hakutaka hata kumtaja jina, "alikuja nyumbani Krismasi miaka mitatu iliyopita. Akarudi huko Ghuba kazini. Likizo aliyoahidiwa haijafika."

Basi. Hakusema zaidi, wala hatukumwuliza zaidi. Lakini tangu siku hiyo hapiti mwezi Nesi hajampigia yule binti simu kwa njia ya video ili Mama amwone.

KWA NINI ALBAMU NZIMA

Huenda ukauliza, kwa nini tusisikilize wimbo mmoja mmoja tu? Simu zetu zina nyimbo nyingi kuliko duka zima la sahani la River Road miaka ile.

Sababu ni kwamba albamu ni kama mgeni. Wimbo mmoja ni mtu aliyekusalimia njiani na kupita. Albamu ni mtu aliyeingia, akaketi, akanywa chai, akaanza na maneno matamu, katikati akakuudhi kidogo, na mwishoni akakwambia kilichomleta. Ukimkatiza kila dakika mbili, utajuaje?

Sisi tuliokua na kanda hatukuwa na hiari. Kurudisha kanda nyuma ilikuwa kazi ya kalamu ya biki, unaizungusha mpaka mkono uume, kwa sababu betri ni ghali na haifai kupotezwa kwa mambo ya kurudisha nyuma. Basi ulisikiliza upande wa kwanza mpaka ukaisha, ukageuza. Nyimbo usizozipenda ukazizoea. Ukaja ukazipenda kuliko zile nyingine.

Ndipo nikamkumbuka baba.

GITA LILILOPOTEA

Baba ni mtu wa Wundanyi, kule milimani Taita. Alifanya kazi Nairobi miaka 28, fundi wa kunyoosha mabati ya magari katika karakana moja ya Industrial Area, na tulikaa Jericho. Hakuwa mlevi, hakuwa mtu wa siasa. Anasa yake ilikuwa moja: Les Wanyika.

Kwa vijana wasiojua, Les Wanyika ni bendi iliyozaliwa Nairobi mwaka 1978, wanamuziki kadhaa walipojitenga na Simba Wanyika ya wale ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga. Humo alikuwamo Omar Shabani, ambaye wenyewe walimwita Profesa, akipiga gita la ridhimu, na Tom Malanga kwenye besi. Wimbo wao Sina Makosa, ulioimbwa na Issa Juma, bado huamsha watu vitini katika harusi za leo, pamoja na wale ambao hata wazazi wao walikuwa hawajaoana ulipotoka.

Baba alijirekodia kanda yake mwenyewe kutoka kwenye sahani za rafiki. Upande wa kwanza unaanza na Sina Makosa, kisha Paulina. Kanda hiyo ilikuwa saa yetu ya Jumapili. Ikilia, tulijua Baba ameshaoga, amevaa shati jeupe, na hakuna mtu wa kuchapwa siku hiyo.

Jioni baada ya kile kikao cha Krismasi ya Julai, nikampigia simu. Tukaanza kama kawaida. Habari ya huko? Nzuri. Mama? Hajambo. Ng'ombe? Yupo. Mvua? Kidogo. Tulikuwa tunakaribia kuagana nilipomwuliza:

"Baba, siku hizi unasikiliza nini?"

Kimya. Nikadhani laini imekatika. Nikarudia kwa sauti ya juu.

"Aa! Muziki?" akacheka. "Si ni ile ile ya Les Wanyika, mama." Baba huniita mama kwa kuwa nimebeba jina la mamake. "Lakini kanda imekwisha. Gita la solo limetoka kabisa. Imebaki besi na ngoma. Ni kama mwenye gita alichoka akaenda zake nyumbani."

Niliona hilo ni jambo dogo la kumpendeza mzazi. Nikamweleza Fundi, naye akanipa maelezo ya kitaalamu. Kanda ikichakaa, au kichwa cha redio kinachoisoma kikishika uchafu, sauti nyembamba za juu ndizo hufifia kwanza. Sauti nzito hubaki. Akanipa kichupa cha spiriti na pamba, akanionyesha namna ya kusafisha, akakataa pesa.

Mwezi uliofuata nikapanda treni hadi Voi, nikashika matatu ya kupitia Mwatate, nikapanda mlima. Asubuhi yake nikaitoa redio kaseti ya Baba nje, nikaanza kazi. Pamba ilitoka nyeusi kama iliyofuta sufuria. Nikarudia mpaka ikatoka nyeupe. Nikatia kanda, nikabonyeza.

Msomaji, gita lilikuwapo! Lilikuwa linatiririka wazi, kila uzi unausikia peke yake. Nikageuka kumtazama Baba nikitarajia kumwona akitabasamu.

Alikuwa ameinamisha kichwa upande, macho amefumba, uso umekunjamana.

"Bado," akasema.

Nikadhani anatania. Nikatoa simu, nikautafuta wimbo ule ule, nikaiweka karibu naye.

"Hata hiyo yako imechakaa," akasema. "Siku hizi hawajui kuhifadhi muziki."

Mama alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na ungo mkononi. "Imechakaa vipi? Si linalia hilo gita?"

Baba alikuwa amempa kisogo. Hakugeuka. Mama akasema tena. Hakugeuka. Ndipo Mama akanitazama mimi, na macho yake yalikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona.

"Ndivyo alivyo," akaniambia polepole. "Huu mwaka wa pili. Nikimsemesha, ananyamaza kama aliyenuna. Nikimwuliza nimekukosea nini, anasema mimi ndiye ninayenung'unika chini chini. Basi nikaona na mimi ninyamaze."

Watu hawa wameoana zaidi ya miaka 40. Kila wiki nilikuwa nawapigia simu, na kila wiki wote wawili waliniambia nyumbani ni kuzuri.

JIBU LA DAKTARI

Jumatatu tulishuka Voi, sisi watatu. Baba alikubali kwa shingo upande, akisisitiza kwamba anayefaa kupelekwa kwa mganga ni redio.

Daktari wa masikio alimkuta na mambo mawili. La kwanza, sikio la kulia lilikuwa limezibwa na nta iliyokauka kama gundi. Miaka yote Baba amekuwa akijisafisha kwa njiti ya kiberiti, asijue kwamba njiti haiitoi nta, huisukuma ndani zaidi. Akapewa dawa ya matone ya kuilainisha, na tuliporudi baada ya siku chache sikio likaoshwa.

La pili halikuwa la kuoshwa. Kipimo kilionyesha kwamba masikio yote mawili yamepoteza sauti za juu. Daktari alitufafanulia kwamba ndani kabisa ya sikio kuna chembe ndogo zenye vinywele, ambazo kazi yake ni kupokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Uzee huziua, na kelele nyingi huziua mapema zaidi. Zikishakufa haziwi hai tena. Zile za sauti nyembamba ndizo hutangulia. Mtu wa namna hii atasikia ngoma, lori na besi barabara. Atakachokosa ni gita la solo, ndege, sauti za watoto, sauti za wanawake wengi, na herufi kama s, f na sh ambazo ndizo huyatenganisha maneno. Husikia kwamba unaongea, lakini haelewi unasema nini. Hudhani unanung'unika.

Miaka 28 ya nyundo juu ya bati, bila chochote cha kuziba masikio.

Mama alikuwa amejishika shavu. Baba alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza swali moja tu.

"Kwa hivyo kanda si mbovu?"

Alihitaji vifaa vya kusaidia kusikia. Hakutaka. Alisema yeye si mzee wa kuvaa vyuma masikioni, majirani watamcheka, na pesa hizo afadhali tununue ndama. Sisi watoto tukabembeleza, tukakasirika, tukabembeleza tena. Mama hakusema neno. Alichofanya ni kwenda na ile redio ndani, na kila jioni kuicheza kanda, yeye mwenyewe, huku akilifuata gita la solo kwa mdomo wake na kucheka peke yake. Wiki ya tatu Baba akasalimu amri. Hakukubali kwa ajili yetu. Alikubali kwa ajili ya gita.

Tulichanga, ikachukua miezi mitatu. Novemba alivaa vifaa hivyo, nami nilikuwapo. Wala usidhani ilikuwa muujiza. Siku za kwanza alilalamika kwamba sufuria zinapiga kelele, kuku wanapiga kelele, hata karatasi inapiga kelele. Daktari alikuwa ameshatuonya kwamba ubongo uliosahau sauti unahitaji muda wa kuzizoea.

Jumapili akavaa shati jeupe, akaketi, akabonyeza. Sina Makosa ikaanza. Besi ikaingia, ngoma ikaingia. Halafu nikamwona anafumbua macho.

"Kumbe," akasema, "huyu jamaa hakuwa ameenda nyumbani."

Mama alikuwa jikoni. Akauliza, kwa sauti yake ya kawaida, bila kupaza, kama nitie tangawizi kwenye chai au nisitie.

"Tia kidogo," Baba akajibu bila kugeuka.

Sikusikia kitu kutoka jikoni kwa muda. Hata sufuria haikulia.

NAWE JE?

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, zaidi ya watu milioni 430 ulimwenguni wana tatizo la kusikia linalohitaji msaada. Shirika hilo hilo linaonya kwamba vijana zaidi ya bilioni moja wanajiweka hatarini kwa kusikiliza muziki kwa sauti ya juu mno. Kwa hivyo wewe uliye na kijana mwenye vile vispika vya masikioni tangu asubuhi hadi usiku, mwambie asipandishe sauti kupita asilimia 60, na ayape masikio likizo mara kwa mara. Babu yake alikuwa na kisingizio cha nyundo. Yeye hana.

Lakini hilo si ndilo kubwa ninalotaka ubaki nalo leo. Kubwa ni kwamba wazee wetu hawatatuambia kinachowaumiza. Wala mke, wala mume, wala yule jirani wa ukuta wa pili. Wataambiana "nzuri" mpaka siku ya mazishi. Waulize wanachosikiliza. Anayesikiliza Krismasi mwezi wa Julai anamngoja mtu. Anayesikiliza nyimbo za kuagana ana safari. Anayekwambia kwamba gita limetoka kwenye kanda, usikimbilie kununua kanda nyingine. Panda matatu uende. Na yule anayekwambia hasikilizi chochote siku hizi, huyo keti naye zaidi ya wote.

Desemba nilipeleka kanda ya Baba kwenye kikao chetu. Aliniazima kwa masharti makali, kana kwamba ni shamba. Tulicheza nyimbo tatu, Mama na Nesi wakainuka wakacheza, mjukuu akajifanya hatazami huku mguu wake unapiga chini. Ilipofika zamu ya kueleza, nikaeleza kama nilivyokueleza wewe. Wote walikuwa kimya. Kisha Fundi akakohoa.

"Wimbo wa pili unaitwaje?" akaniuliza.

"Paulina," nikajibu, wala sikutazama dari.

Haya, msomaji wangu, nimekwambia ya kwetu. Niandikie nawe unieleze: siku hizi, nyumbani kwako, mnasikiliza nini? Lakini kabla ya kuniandikia mimi, mwulize kwanza aliye karibu nawe. Tukutane tena Jumapili ijayo, Mungu akipenda.